Vita Huisha Lini?

Ukimwuliza mwanafunzi vita fulani viliisha lini, atakujibu kwa tarehe. Atasema kwamba Vita Vikuu vya Pili viliisha mwaka 1945, na vita vya Vietnam mwaka 1975, maana ndivyo vitabu vya historia vinavyosema. Jibu lake ni sahihi, na mwalimu atalitia alama nzuri. Walakini tarehe hiyo ni ya serikali na majeshi. Je, kwa mama aliyekimbia usiku akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, vita huisha siku bunduki zinaponyamaza? Au huisha saa ile anapovuka mpaka wa nchi yake? Au vyaweza kuendelea ndani ya nafsi yake na ndani ya nyumba yake miaka mingi baada ya kila askari kurudi kwao? Swali hili ni jepesi kuuliza na zito kujibu. Nalo latuhusu sana sisi tukaao kwa amani, kwa sababu jibu lake, kama nitakavyojaribu kuonyesha, limo mikononi mwetu kuliko tudhanivyo.

Yafaa kwanza tujue tunamsema nani. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 wamweleza mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye sababu, hofu ya kuteswa kwa ajili ya asili yake, dini yake, taifa lake, jamii yake au maoni yake ya siasa. Mwaka 1969 nchi za Afrika zilikutana Addis Ababa zikaupanua mlango huo, zikamwingiza pia mtu aliyekimbia vita na machafuko makubwa, hata kama hapana aliyemwandama yeye peke yake. Tazama neno ambalo mkataba ule wa kwanza ulilifanya kuwa nguzo yake. Si umaskini, wala si njaa, ni hofu. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mtu aweza kuvuka mpaka kwa hatua moja, lakini hofu haizuiliwi na forodha. Huvuka pamoja naye, tena bila hati ya kusafiria.

Watu wa namna hii si wachache. Mwishoni mwa mwaka 2024, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya milioni 120 duniani walikuwa wamelazimika kuyahama makwao, na zaidi ya milioni 40 kati yao walikuwa wakimbizi waliovuka mipaka ya nchi zao. Hapa kwetu Kenya, kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka. Kambi ya Kakuma ilifuata mwaka 1992, ikawapokea vijana wengi waliotoka Sudan kwa miguu, wakapitia Ethiopia kabla ya kufika Turkana. Basi hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta mfano.

Vita humnyang'anya mtu mambo ya namna mbili. Ya kwanza ni yale yaonekanayo: nyumba, mifugo, shamba, duka na fedha. Hayo huhesabika, na baadhi yake yaweza kupatikana tena. Ya pili hayaonekani wala hayaandikwi katika daftari la hasara, nayo ndiyo hukawia sana kurudi. Nitayataja matatu.

La kwanza ni kuaminiana. Mtu aishiye kwa amani hajui ni mara ngapi kwa siku humwamini mwenziwe. Hula mkate asioujua umeokwa na nani. Humwachia jirani ufunguo wa nyumba. Hupanda matatu akauweka uhai wake mikononi mwa dereva asiyemjua. Humpeleka mwanawe shuleni, naye akaenda kazini bila wasiwasi. Imani hiyo ni kama hewa: hatuioni mpaka itutoke. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huikata imani hiyo mizizini. Katika Rwanda, mwaka 1994, watu wapatao 800,000 waliuawa katika muda wa siku 100 hivi, na wengi wao waliuawa na watu waliowajua kwa majina. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda hadi wilaya ya Ngara, Tanzania, katika muda wa siku moja. Katika umati ule walikuwamo watu waliokimbia kwa hofu tupu, na walikuwamo waliotenda maovu wakajificha katikati ya wasio na hatia. Fikiri, msomaji, kwamba wewe ulikuwa mmoja wa wasio na hatia. Ungemwomba chumvi nani? Ungemwachia nani mtoto ukienda kuteka maji?

Mtu aliyepita katika hali hiyo hujifunza kunyamaza. Akiulizwa kwao ni wapi, aweza kutaja mji mwingine. Huona vigumu kujiunga na chama cha ushirika au cha mazishi, maana kujiunga ni kuandikisha jina, naye anajua kwamba orodha ya majina yaweza kuwa orodha ya kifo. Huwakataza watoto wake kucheza mbali na nyumbani. Wenyeji wakimtazama husema, "Huyu ana kiburi," au, "Huyu anaficha jambo." Kumbe hana kiburi wala hila. Mwili wake umeshafika katika nchi ya amani, na masikio yake bado yanasikiliza nyayo za wale aliowakimbia.

La pili ni mahali pa mtu miongoni mwa watu. Kila mmoja wetu ana mahali pake: huyu ni fundi, yule ni mkunga, yule ni mzee ambaye hapana harusi inayofungwa kabla hajaulizwa shauri. Kwa mahali hapo mtu hujijua yeye ni nani. Vita vikimhamisha, mzee wa shauri huwa nambari katika kadi ya chakula. Hupanga mstari pamoja na vijana, akapimiwa unga. Kisha huja jambo lililo chungu zaidi. Mtoto huipata lugha ya ugenini upesi kuliko wazazi wake, na punde si punde huwa mkalimani wao. Huenda na mama yake hospitali, akamweleza daktari maradhi ambayo kwa desturi mwana hapaswi kuyasikia. Huenda na baba yake ofisini, akajibu maswali kwa niaba yake, na baba amesimama nyuma kama mtoto. Nyumbani baba akitoa amri, sauti yake haina tena uzito uliokuwa nao. Baadhi ya akina baba hunyamaza siku nzima. Wengine huwa wakali bila sababu. Wengine huutafuta ulevi. Jirani anayesikia ugomvi usiku hudhani kwamba watu hao ni wabaya kwa tabia. Vita ambavyo jirani huyo hakuviona ndivyo vilivyouanzisha ugomvi anaousikia.

La tatu ni wakati. Mkulima hungoja mvua, na kungoja kwake kuna mwisho. Masika yakipita, vuli huja. Mkimbizi hungoja asijue anangoja nini. Kambi za Dadaab zilikusudiwa watu 90,000, na mwaka 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Tangu kuanzishwa kwake imepita miaka zaidi ya 30. Watoto waliozaliwa humo wamekwisha kuwa wazazi. Subira ya mwaka mmoja ni sifa njema; subira ya miaka 30 yaweza kugeuka ugonjwa. Mtu asiyejua kama mwaka ujao atakuwa hapa, au kwao, au ng'ambo ya bahari, huona shida kupanda mwembe, kwa maana mwembe ni mti wa mtu anayejua kwamba atakuwapo.

Yupo atakayesema, "Haya yote ni kweli, lakini muda ni tabibu. Waacheni, watapona wenyewe." Hoja hii ina ukweli ndani yake, nayo yastahili kupimwa. Madaktari wa Marekani waliliandika rasmi katika orodha ya maradhi, mwaka 1980, lile jeraha la nafsi liletwalo na mambo ya kutisha, ambalo kwa Kiswahili twaliita kiwewe. Tangu hapo wataalamu wamewafuatia wakimbizi wa nchi nyingi. Mwaka 2002 ulitolewa uchunguzi juu ya Wavietnam waliokuwa wamehamia Australia kwa miaka kumi na zaidi. Ilionekana kwamba kwa wengi wao maradhi ya nafsi yalipungua kadiri miaka ilivyopita. Lakini wale waliopatwa na misiba mingi zaidi walikuwa bado katika hatari, hata baada ya miaka hiyo yote. Mwaka 2005 ulitolewa uchunguzi mwingine, juu ya Wakambodia waliokimbilia mji wa Long Beach, Marekani, baada ya utawala wa Pol Pot wa miaka 1975 hadi 1979. Miongo miwili ilikuwa imepita. Hata hivyo, kati ya kila watu wazima 100, watu 62 walionyesha dalili za kiwewe katika mwaka uliotangulia. Wengi wao walikuwa maskini, na wengi hawakuijua vema lugha ya nchi waliyokaa. Basi muda ni tabibu kweli, lakini si tabibu wa kila mtu, wala hafanyi kazi bila dawa.

Na dawa hiyo ni nini? Mwaka huo huo wa 2005 watafiti wawili walizikusanya taarifa 56 zilizotoka sehemu mbalimbali za dunia, zikiwahusu watu zaidi ya 67,000, wakazilinganisha. Waligundua kwamba hali ya nafsi ya mkimbizi haikutokana na yale aliyoyaona vitani peke yake. Waliowekwa katika makazi ya pamoja ya muda walikuwa na hali mbaya kuliko waliokuwa na nyumba zao wenyewe. Waliozuiliwa kazi na riziki walikuwa na hali mbaya kuliko walioruhusiwa. Waliorudishwa katika nchi ambayo waliikimbia, na wale ambao ugomvi wa kwao haukutatuliwa, nao hawakuwa na raha. Ndugu msomaji, angalia maana ya jambo hili. Yaliyotendeka vitani hapana awezaye kuyafuta. Lakini makazi, kazi na ujirani ni mambo yanayoamuliwa leo, na watu walio hai, katika nchi iliyo na amani. Sehemu moja ya jeraha mkimbizi amekuja nayo. Sehemu nyingine huipata kwetu.

Yupo mwingine atakayesema, "Wasahau tu. Wanaokumbuka ndio wanaoumia." Hapa mfano wa majirani zetu utatufaa. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na maelfu mengi ya Wahutu wakakimbilia Tanzania. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi katika makazi ya Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Walifyeka msitu, wakalima, na baada ya miaka michache wakawa hawahitaji tena chakula cha msaada. Wengine hawakwenda huko. Walijipenyeza katika mji wa Kigoma na viunga vyake, wakatafuta riziki kati ya wenyeji, wakaoa na kuolewa. Katika mwaka 1985 na 1986 mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, Liisa Malkki, aliyachunguza makundi yote mawili, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995. Alikuta tofauti kubwa. Watu wa Mishamo, waliotengwa na wenyeji, walikuwa wakiyasimulia tena na tena mauaji na maovu ya adui, mpaka masimulizi hayo yakawa ndiyo kitambulisho chao, na ukimbizi wenyewe ukawa kama heshima. Watu wa mjini hawakupenda hata kuitwa wakimbizi. Walikuwa na majina mengi na sura nyingi. Leo huyu ni mtu wa Kigoma, kesho ni Mwislamu kati ya Waislamu, kesho kutwa ni jirani tu.

Ni kundi lipi lililokuwa limemaliza vita? Mtu mwepesi atasema ni la mjini, kwa kuwa lilikuwa limechanganyika. Nami nakiri kwamba kuchanganyika ni jambo jema. Lakini baadhi ya watu wa mjini walichanganyika kwa kuficha asili yao, wakihofu kukamatwa na kupelekwa makazini. Mtu anayelificha jina lake sokoni hajapumzika bado. Na watu wa Mishamo walikuwa na shamba na ghala, lakini walikuwa wamezungukwa na msitu pande zote, wakiongea wenyewe kwa wenyewe. Na mtu akiongea na waliopigwa pamoja naye tu, hapati wa kumwonyesha kwamba dunia ina watu wa namna nyingine. Kwa hiyo shamba peke yake halitoshi, wala kujificha hakutoshi. Kinachotakiwa ni mtu akae kati ya watu kwa jina lake mwenyewe, asiogope.

Habari hiyo ina mwisho unaofaa kukumbukwa. Baada ya zaidi ya miaka 35, serikali ya Tanzania iliwauliza watu wa makazi yale matatu wachague: kurudi Burundi au kuwa raia. Walio wengi mno walichagua uraia, wakiwamo watu wa Mishamo, ambako kurudi kulikuwa kumeimbwa kwa miaka mingi. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 walianza kupewa hati zao. Jembe walilolishika tangu mwanzo lilikuwa limewafunga na ardhi kuliko wao wenyewe walivyojua.

Mahali ambapo mlango haufunguliwi, vita hurithiwa. Kuanzia mwaka 1959 Watutsi wengi walikimbia Rwanda, baadhi yao wakaingia Uganda. Watoto wao walizaliwa huko, wakasoma huko, wakakua huko. Lakini serikali ya kwao haikutaka warudi, na mwaka 1982 wengi wakafukuzwa katika makazi yao kusini-magharibi mwa Uganda. Walikuwa wageni pande zote mbili za mpaka. Tarehe 1 Oktoba 1990 jeshi ambalo wengi wake walikuwa wana wa wakimbizi hao liliingia Rwanda kwa silaha. Sisemi haya ili kumhukumu wala kumtetea yeyote. Wenye kuhukumu historia wapo. Nasema ili kuonyesha kwamba vita ambavyo havikuisha katika maisha ya baba vyaweza kumngojea mtoto.

Wahenga wetu walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Methali hii mara nyingi husemwa kwa kejeli, kama kwamba kusudi lake ni kumfukuza mgeni mvivu. Nadhani ina maana iliyo bora zaidi. Mgeni anayelishwa siku zote hubaki mgeni siku zote. Siku apewapo jembe, amepewa na mahali pa kusimama: amekuwa mtu ambaye kazi yake inahitajiwa, ambaye asipoonekana shambani ataulizwa. Jembe lamrudishia mambo yale matatu kwa pamoja. Lamrudishia kuaminiwa, kwa kuwa hapana ampaye jembe lake mtu asiyemwamini. Lamrudishia mahali pake kati ya watu. Tena lamrudishia wakati, kwa maana apandaye hungoja mavuno, na huko ndiko kungoja kwenye mwisho. Wazee walitaja siku ya tatu. Sisi tumewaacha wengine wangoje mpaka mwaka wa 30.

Hata hivyo haki ina pande mbili, na mwenyeji naye asikilizwe. Watu wa Turkana na Garissa si matajiri. Nchi yao ni kame. Kuni na maji havitoshi. Na walipoona magari ya unga yakipita kwenda kambini, wao wenyewe wakiwa na njaa, waliona uchungu, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Ukarimu unaoletwa kwa mgeni ukimpita mwenye nyumba huzaa chuki. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kusema, "Wapokeeni," kisha akaenda zake. Mzigo wa taifa haufai kubebwa na kaunti mbili zilizo maskini. Makazi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, yalianzishwa mwaka 2016 kwa shabaha hiyo, kwamba mwenyeji na mgeni watumie shule, zahanati na soko kwa pamoja. Nayo Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 imeikiri haki ya mkimbizi kufanya kazi. Shabaha ni njema. Lakini sheria ni kama mbegu. Haimlishi mtu mpaka ipandwe na kupaliliwa.

Kuna hoja ya mwisho, nayo ni nzito kuliko zote: "Kati yao huenda wamo watu wa hatari." Sikatai. Kati ya umati wowote wa watu yaweza kuwamo watu wa hatari, na nchi ina wajibu wa kuwalinda raia wake na kumwadhibu mkosaji. Lakini tuangalie tunavyofanya. Mhalifu mmoja akikamatwa, na kwa ajili yake tukamshuku kila mtu mwenye lugha yake, sura yake au dini yake, tutakuwa tumekubali fundisho lile lile ambalo vita vilimfundisha mkimbizi kwao. Waliochoma nyumba yake hawakumwuliza amefanya nini. Waliuliza yeye ni wa watu gani, na jibu likawatosha. Fundisho hilo lasema kwamba mtu si yeye mwenyewe, ni kabila lake. Hilo ndilo shina la vita vingi. Taifa litakalolikubali litakuwa limeingiza nyumbani mwake kitu cha hatari kuliko mtu yeyote aliyevuka mpaka. Kumhukumu kila mtu kwa matendo yake mwenyewe ni wema kwa mgeni, na ni ulinzi kwetu pia.

Wala tusije tukamfikiria mkimbizi kuwa ni mgonjwa tu, au mzigo tu. Huko nako ni kumkosea. Wengi waliopita vitani hawana maradhi ya nafsi. Wana huzuni, na huzuni si ugonjwa. Walio wagonjwa wanahitaji daktari, na yapasa wampate. Waliobaki wanahitaji nafasi. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, iliingia kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi ya watu kumi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliokulia Kakuma, waliochaguliwa na kufundishwa Ngong chini ya uongozi wa mwanamichezo wetu Tegla Loroupe. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyeibeba bendera ya timu hiyo siku ya ufunguzi. Hawakurudi na medali. Lakini dunia iliona kwamba watu wale wale waliokuwa wamehesabiwa kwa kadi za chakula walikuwa na miguu, nia na majina.

Sasa mwanafunzi ataniuliza, "Mimi si waziri wala hakimu. Nitafanya nini?" Atafanya mambo madogo, na katika jambo hili madogo ndiyo makubwa. Ikiwa darasani mwako yumo kijana aliyetoka vitani, usimsukume akusimulie aliyoyaona ili upate ya kustaajabia. Kidonda hakifunuliwi kwa ajili ya watazamaji. Siku akitaka kusema mwenyewe, msikilize mpaka mwisho, wala usimkatize kwa kumwambia yako. Usimcheke anapokosea lugha yetu. Huenda anajua lugha tatu usizozijua wewe. Usimpe jina la nchi yake badala ya jina lake. Mwite katika timu ya mpira na katika kwaya. Na zaidi ya yote, usiwe mtu wa kumpa tu. Mwazime kitabu chako, kisha nawe uazime chake. Mwonyeshe hesabu, naye umwombe akuonyeshe anachokijua. Huruma hutoa na haipokei kitu, na kwa hiyo humwacha mtu chini pale pale alipo. Ukimwomba mtu kitu, umemwambia kwamba anacho cha kutoa, na kwamba wamwamini atakupa.

Nirudi, basi, katika swali letu. Vita huisha lini? Kwa majeshi, huisha siku ya mapatano. Kwa mkimbizi havina siku moja. Huisha kidogo kidogo: siku alipolala usiku kucha bila kushtuka, siku alipolitaja jina la kwao bila kutazama nyuma, siku baba aliporudi nyumbani na mshahara wake, na sauti yake ikapata uzito tena, siku alipopanda mti. Wengine siku hizo huwafikia upesi, wengine huchelewa, na wengine hufa kabla hazijafika. Hakuna nchi iwezayo kumwahidi mtu kwamba atasahau. Lakini kila nchi yaweza kuamua kama itakuwa mahali ambapo vita vya mtu huyo vinaendelea kwa njia nyingine, au mahali ambapo vinapata nafasi ya kwisha. Nchi haiamui jambo hilo katika mabunge peke yake. Huliamua sokoni, katika mstari wa zahanati, na darasani, kila mwenyeji anapokutana na mgeni na kuchagua namna atakavyomtazama.